Kiingilio, Ada na Mafuta ya Msafara: Nani Mwenye Chama cha Waendesha Pikipiki?

Ninyi waendeshaji mmeacha abiria wa jioni mkaja kunisikiliza. Najua saa hizi ndizo saa za hela, kwa hiyo naingia kwenye mada bila kupasha injini moto.

Nimeombwa nizungumzie jinsi chama cha kutetea haki za waendesha pikipiki kinavyojiongoza. Wengi wakisikia hivyo hutarajia kusomewa muundo: mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, wajumbe watano. Muundo huo mnao nyote, na kijiwe cha Mbagala hakitofautiani sana na cha Tunduma. Mimi swali langu ni jingine. Nataka kujua hela ya chama inaingilia mlango gani. Ukishaujua mlango huo, umeshajua mwenyekiti anamwogopa nani. Chama humtii anayekilisha, na vyama vyetu vingi havilishwi na wale vinavyosema vinawatetea.

Nitaanza na kijiwe, maana ndicho chama chenyewe. Mashirikisho ya wilaya na mkoa ni paa tu. Vijiwe vingi vina katiba mbili. Ya kwanza imechapwa steshenari, ina jalada la plastiki na mhuri wa serikali ya mtaa. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisi ya maendeleo ya jamii haikipokei kikundi kisicho na katiba, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki. Vijana nao wakaona ya nini kusumbuka, wakanakili ya jirani. Nimewahi kushika katiba moja ya namna hiyo: ukurasa wa mbele ni wa waendesha bodaboda, ibara ya saba inazungumzia chanjo ya kuku. Hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyeisoma, akiwemo aliyeigongea mhuri.

Katiba ya pili imo kwenye kaunta buku. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, vichwa vya habari kwa nyekundu, na inakaa kwa katibu, chini ya siti ya pikipiki, ndani ya mfuko wa nailoni isije ikalowa. Hiyo ndiyo inayotawala. Ukurasa wa kwanza una majina, namba za simu na namba za pikipiki, mengine yamekatwa kwa mstari mmoja: huyu alihama, huyu kanyang'anywa chombo, huyu amefariki. Kisha viwango vya kiingilio. Kisha faini: kukatisha foleni, matusi, kuja kazini umelewa, kupakia mishikaki (abiria zaidi ya mmoja), kutofika msibani bila taarifa. Kisha michango, kila jina na alama yake ya vema au nafasi iliyoachwa wazi, na nafasi hiyo iliyo wazi huongea kuliko maneno. Ukikaa na katibu akakufungulia daftari hilo utaona kwamba kila kifungu kina siku yake ya kuzaliwa. Kifungu cha matusi hakikutungwa na mwanasheria. Kiliandikwa kesho yake baada ya ngumi.

Katiba hii ya pili naiheshimu sana. Vijana ambao mitaani wanaitwa wahuni wamejiwekea utaratibu wa foleni unaofuatwa kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, bila polisi na bila karani. Wanazika wenzao. Mwenzao akivunjika mguu wanachanga. Tatizo la daftari hili liko kwenye ukurasa wa hela.

Mgeni akitaka kuegesha hapo hulipa kiingilio, na kiwango hutegemea mahali. Kijiwe cha mlango wa hospitali au cha stendi hakiwezi kulingana na cha njia panda inayokwenda mashambani. Tupige hesabu ya mfano. Kijiwe kina watu 30, kiingilio ni shilingi 100,000, na wamekubaliana kila mmoja atoe ada ya shilingi 500 kwa siku. Mwaka mzima wameingia wapya watano: hiyo ni 500,000. Ada ya watu 30 kwa siku 300 za kazi ni 4,500,000. Kwenye karatasi ada inakishinda kiingilio mara tisa.

Sasa muulize mweka hazina ipi imepatikana. Kiingilio kimelipwa taslimu, siku moja, mbele ya watu, maana asiyelipa haegeshi. Ada inadaiwa, inaahirishwa, mtu anasema leo hesabu ya bosi haijatimia, mwenzake anaona kama fulani hatoi na mimi sitoi, na miezi mitatu haiishi ada imekufa bila hata kikao cha kuizika. Kijiwe kinabaki kuishi kwa viingilio, na hapo ndipo uongozi unapopinda.

Kwanza, kila mwanachama mpya anakuwa hela ya leo na mshindani wa kesho. Kwa hiyo wakongwe hufunga mlango, au mwenyekiti akiwa na dharura yake huufungua kinyemela. Pili, kiingilio kina tabia ya kugawanywa siku hiyohiyo, au kuishia kwenye supu, kwa hoja kwamba na sisi tulilipa tulipoingia. Ajali ikitokea wiki inayofuata, bakuli linaanza kuzungushwa upya. La tatu ndilo zito kuliko yote: mwanachama aliyekwisha kulipa kiingilio hana tena cha kumnyima mwenyekiti. Amemaliza. Mwenyekiti hamhitaji tena kwa chochote, hadi siku ya uchaguzi, kama uchaguzi upo.

Tena kuna jambo ambalo vikao vingi hulikwepa. Nafasi ya kijiweni ni ya mtu au ni ya pikipiki? Waendeshaji wengi hapa si wenye vyombo. Wapo wa hesabu, wanaompelekea tajiri shilingi 10,000 au pungufu kila jioni mvua inyeshe isinyeshe. Wapo wa mkataba, ambao wakimaliza miezi waliyokubaliana chombo kinakuwa chao. Na yupo deiwaka, anayeshika pikipiki siku mwenye nayo anapumzika au anaumwa. Tajiri akimnyang'anya kijana pikipiki leo akampa mpwa wake, kijiweni nani anabaki? Vijiwe vingine vinasema mpwa alipe kiingilio upya. Vingine vinasema chombo kimeshalipiwa. Kwa kanuni hii ya pili, tajiri ambaye hajawahi hata kusimama kijiweni ndiye mwenye nafasi, na aliyelowa mvua miaka miwili ni mpita njia.

Deiwaka hali yake ni mbaya zaidi. Faini ya kukatisha foleni inamhusu, mchango wa msiba anaombwa, trafiki akija ni yeye anayepigwa mkono. Siku ya kikao anaambiwa, dogo, subiri nje. Anatozwa na kikao asichoruhusiwa kuketi. Hoja wanayonipa viongozi ni kwamba deiwaka hana uchungu na kijiwe kwa sababu hakulipa kiingilio. Basi tumekubaliana kwamba haki hapa inanunuliwa, tusiseme tena kuwa hiki ni chama cha kutetea haki.

Sheria tunazo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 20, ibara ndogo ya nne, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Ya Kenya ya 2010 inasema hivyo kwenye ibara ya 36. Ibara ya 13 ya katiba yetu inataka mtu ambaye haki yake inaamuliwa asikilizwe kikamilifu na awe na nafasi ya kukata rufaa. Wala sijidanganyi kwamba mwenyekiti wa kijiwe atashitakiwa kesho kwa ibara hizi. Ila ukweli wa barabarani ni kwamba pasipo kijiwe hupakii, na serikali yenyewe imezoea hivyo. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni za pikipiki za abiria, na hata baada ya iliyokuwa mamlaka ya usafiri, SUMATRA, kuipisha LATRA mwaka 2019, ofisa anapotaka kufikisha agizo hamtafuti mwendeshaji mmoja mmoja. Anampigia mwenyekiti. Mwenyekiti akishakuwa mtu wa kupigiwa simu na ofisi, anaanza kuitazama ofisi zaidi ya foleni.

Niwapeleke sasa Marekani, tuone chama ambacho hela yake inaingilia mlango mwingine. Kule pikipiki kwa wengi ni starehe ya mwisho wa wiki, na ugomvi wao mkubwa na serikali nitaueleza japo siukubali. Mwaka 1966 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama barabarani iliyozibana serikali za majimbo: jimbo lisilowalazimisha waendesha pikipiki kuvaa helmeti lingekatwa sehemu ya fedha za barabara. Kufikia 1975 majimbo 47 yalikuwa yametii. Waendeshaji wakaona wameingiliwa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, jarida la pikipiki la Easyriders likawahimiza wajipange, na hapo kikazaliwa ABATE, jina linalotokana na maneno yanayomaanisha udugu dhidi ya amri za kidikteta. Mwaka 1976 Bunge liliondoa adhabu ile ya fedha, na miaka michache tu baadaye karibu nusu ya majimbo yalikuwa yamefuta au kulegeza sheria zao. Hadi leo Illinois na Iowa hazina sheria ya helmeti kwa waendesha pikipiki watu wazima.

Kwa lengo lile, mimi nasema walikosea. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 yalikuta helmeti inapunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Aliyewahi kukaa wodi ya mifupa usiku mmoja hahitaji hata takwimu hizo. Lakini seremala mbaya anaweza kuwa na randa nzuri, nami nimekuja kuitazama randa.

ABATE haina makao makuu yanayotoa amri. Kila jimbo lina ya kwake, yenye kanuni zake, na ya jimbo moja haina kauli juu ya ya jirani. Ndani ya jimbo kuna matawi, na tawi hukutana kwa kawaida mara moja kwa mwezi, mara nyingi kwenye mgahawa au ukumbi wa mtaa. Tawi linapeleka mjumbe kwenye bodi ya jimbo. Mbali na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kuna kiongozi mmoja ambaye sisi hatuna, na ninawaonea wivu kwa huyo: ofisa wa sheria. Kazi yake ni kusoma miswada. Mswada ukitajwa bungeni asubuhi, jioni wanachama wameambiwa una nini, nani ameuleta, na wampigie simu mbunge gani. Mwaka 1987 walianzisha na chombo cha Washington, Motorcycle Riders Foundation, cha kufanya kazi hiyohiyo kwa sheria za taifa.

Mikutano yao mingi inaendeshwa kwa kitabu cha taratibu alichokiandika mhandisi wa jeshi, Henry Martyn Robert, mwaka 1876. Historia ya kitabu hicho inanifurahisha. Mwaka 1863, huko New Bedford, Massachusetts, Robert alipewa uenyekiti wa mkutano wa kanisa, ukamshinda, ukavurugika mbele ya macho yake. Kwa aibu akaanza kujisomea jinsi vikao vinavyoongozwa. Kwa hiyo mwenyekiti yeyote hapa ambaye kikao kimewahi kumvunjikia ana mwenzake, ilimradi naye akajisomee.

Lakini taratibu zote hizo ni mapambo. Kinachowafanya viongozi wale wahangaike ni ada ya mwaka. Hakuna kiingilio kikubwa unacholipa mara moja ukawa mwanachama wa maisha kwa lazima. Kila mwaka karatasi ya ada inakuja, na kila mwaka mwanachama anajiuliza upya amepata nini. Akiona hakuna, halipi, na hakuna wa kumzuia kupanda pikipiki yake kesho. Kiongozi anayeijua hali hiyo hutoa taarifa hata asipoulizwa. Juu ya hapo, vyama vingi vya namna hiyo, kwa kuwa vimesamehewa kodi, hujaza fomu ya kila mwaka ya mapato na matumizi, na mwananchi yeyote ana haki ya kuiona.

Nisiwapambe. Ada ya hiari ina ugonjwa wake. Waendeshaji wengi wa Marekani hawajawahi kulipa hata senti kwa ABATE, na walilopata wanalifaidi bure. Kwenye matawi sura ni zilezile, mtu huyohuyo katibu miaka na miaka kwa sababu hakuna mwingine anayetaka. Na chama kinachoishi kwa hiari huvutwa na wenye hasira zaidi, ndiyo maana nguvu kubwa namna ile ilikwenda kwenye helmeti. Uingereza ilikuwa vilevile. Helmeti ilipofanywa lazima mwaka 1973 kikaanzishwa chama kinachoitwa MAG, na mzee mmoja aitwaye Fred Hill, aliyekuwa askari mpeleka ujumbe kwa pikipiki wakati wa vita vya pili vya dunia, akaanza kukataa faini moja baada ya nyingine. Alifungwa mara nyingi, akafia gerezani London, Februari 1984. Wenzake humkumbuka kila mwaka. Mimi namfikiria ninapoona vyama ambavyo hakuna hata mmoja aliye tayari kulala rumande kwa ajili ya jambo lenye maana kuliko lile.

Turudi nyumbani, tupitie Kigali. Kule walichagua njia iliyo kinyume kabisa na ABATE: uanachama wa lazima. Dereva wa pikipiki ya abiria alitakiwa awe ndani ya chama cha ushirika, vyama vikawa ndani ya shirikisho moja, na michango ikawa haikwepeki. Nidhamu ilikuwepo, kofia ngumu ya abiria ilikuwepo, sifa ikasambaa hadi kwetu. Lakini manung'uniko ya madereva hayakuisha: tunakatwa, hatuoni zinakokwenda. Januari 2022 waligoma mitaani wakilalamikia mita za nauli na gharama zilizowaelemea. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ikaingilia kati, vyama 41 vya Kigali vikaunganishwa vikawa vitano, na shirikisho likaondolewa. Angalieni ni nani aliyerekebisha mambo. Madereva ndio waliokuwa wakilipa, serikali ndiyo iliyovunja, kwa sababu mlipaji asiyeweza kuacha kulipa hana mkono wa kumshika kiongozi.

Kampala ni mkasa mwingine. Kulikuwa na chama kinaitwa Boda Boda 2010, na kiongozi wake, Abdullah Kitatta, alikuwa pia mwenyekiti wa chama tawala katika divisheni ya Rubaga. Chama hicho kililalamikiwa miaka mingi kwa kutoza waendeshaji kwa nguvu na kupiga watu, na nguvu hiyo haikutoka kwenye kura ya kijiwe chochote. Januari 2018 wanajeshi walimkamata Kitatta, na 2019 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo kwa kupatikana na silaha kinyume cha sheria. Chama kikayeyuka naye. Kilisimama kwa mgongo wa wakubwa, nao walipougeuza mgongo hakikuwa na hata safu moja ya wanachama ya kukishika.

Msinicheke mkisema hayo ni ya Uganda. Sisi tuna mafuta ya msafara. Msimu wa kampeni ukifika, mgombea anahitaji pikipiki mia moja za kupiga honi mbele ya gari lake, na wa kumpigia simu ni mwenyekiti wa kijiwe. Hela ya mafuta inapita mkononi mwake. Inaingia kwenye kaunta buku? Nimeuliza swali hilo kwenye vijiwe kadhaa na jibu limekuwa kicheko. Sina ugomvi na mwendeshaji anayekwenda kwenye msafara. Ni kibarua kama kibarua kingine, na mafuta ni mafuta. Ugomvi wangu ni kwamba mwenyekiti anaweza kupata kwa wiki mbili za kampeni zaidi ya anachokipata kijiweni kwa miezi. Baada ya hapo, halmashauri ikihamisha maegesho bila kuwauliza, mnamtegemea yeye ndiye akagonge meza?

Kwa Kenya nitataja jambo moja tu. Machi 2022 kundi la waendesha bodaboda jijini Nairobi lilimdhalilisha mwanamke aliyekuwa akiendesha gari, picha zikasambaa, na rais akaamuru msako na usajili mpya wa waendeshaji wote. Wengi wasiohusika wakakamatiwa pikipiki. Kijiwe chenye daftari la majina lililo sahihi, deiwaka akiwemo, kingeweza angalau kusema huyu ni wetu na huyu si wetu. Daftari linalomwacha deiwaka nje haliwezi kusema hivyo.

Sehemu ambayo kijiwe kinajiongoza vizuri kuliko wengi wetu tunavyojua ni kwenye kesi ndogondogo. Chukua abiria wa simu. Zamani foleni ilikuwa rahisi: aliye mbele anapakia. Kisha kila mtu akawa na wateja wake wanaompigia, mama wa sokoni, mwalimu, wa kupeleka mtoto shule. Halafu zikaja programu za kuitia usafiri. Juma yuko wa tisa kwenye foleni, simu inaita, anawasha anaondoka. Amekatisha foleni au hakukatisha? Siku ya kwanza watu wanakunjana mashati. Mlalamikaji anaongea akiwa amekalia pikipiki yake, mikono kwenye usukani kana kwamba anaondoka, haondoki. Mzee wa kijiwe anamuuliza: abiria alikuja hapa kwa miguu yake au alimwita? Alimwita. Alipandia wapi? Hapohapo mbele yetu. Basi kosa liko hapo. Wakakubaliana kwamba abiria wa simu ni wa aliyepigiwa, ila akapandishwe mbali na kijiwe, isiwe mwenye foleni anaona riziki inapita puani. Hii ni sheria kamili, imezingatia haki ya mteja kuchagua na haki ya aliyesubiri, na imetungwa na watu wenye helmeti mapajani.

Hukumu hiyo ilikuwa nzuri kwa sababu mzee yule hakuwa kwenye foleni siku hiyo. Mwenyekiti anapoamua kesi ya foleni ambayo yeye ni wa tatu ndani yake, anajihukumia. Napendekeza kesi ziamuliwe na watu watatu wanaobadilishwa kila mwezi, na anayeona ameonewa apeleke shauri lake kwenye kikao cha wote. Hasa adhabu ya kufukuzwa, hiyo isiamuliwe kabisa barabarani. Kumfukuza mtu kijiweni ni kumkata mshahara na kumkatia mkataba wake wa pikipiki kwa mkupuo. Anastahili angalau kuketi na kueleza.

Kuhusu hela, pendekezo langu litawaudhi wakongwe. Kiingilio kishushwe hadi kiwango ambacho mtu anaweza kukimaliza kidogokidogo ndani ya ada zake za miezi ya mwanzo, na kura iwe ya kila aliyelipa ada miezi mitatu mfululizo, mwenye chombo, wa hesabu, wa mkataba na deiwaka. Tajiri asiyeendesha abaki tajiri, hana kura. Ada isikusanywe mkononi. Kuna akaunti za vikundi kwenye simu, M-Koba na nyinginezo, ambazo fedha hazitoki kwa kidole cha mtu mmoja. Mafuta ya msafara yaandikwe kama hela nyingine yoyote: nani ametoa, kiasi gani, nani kapewa.

Mzee mmoja alinijibu hivi nilipomweleza: mwalimu, ukishusha kiingilio wataingia wengi, kijiwe kitafurika, na sisi tutakula nini? Ni hoja ya haki, na sitaki kuipita juujuu. Eneo lina ukubwa wake na abiria wana idadi yao. Ila bei si njia pekee ya kupunguza watu. Kijiwe kinaweza kukubaliana na halmashauri idadi ya pikipiki zinazoweza kuegesha, kikaweka orodha ya wanaosubiri kwenye ukurasa ambao kila mtu anauona, anayefuata akaingia nafasi inapopatikana. Tofauti ni kwamba atakuwa ameingia kwa zamu, kama foleni yenyewe inavyokwenda, na hakutakuwa na laki za kugawana. Mzee hakukubali. Alisema zamu itauzwa kinyemela kama nafasi inavyouzwa sasa. Anaweza kuwa sahihi, na ndiyo maana orodha iwe ukutani kwa fundi pancha au kwa mama lishe, isiwe chini ya siti ya katibu.

Kuna nafasi moja ambayo orodha isiiguse kwa muda, ya marehemu. Mwendeshaji akifa kwa ajali, vijiwe vingine hugawana nafasi yake kabla arobaini haijafika. Vingine humwachia mjane aweke kijana wa kuendesha kwa hesabu, kwa mwaka mmoja, bila kiingilio. Hivi vya pili havikusukumwa na sheria yoyote. Ningependa kifungu hicho kiandikwe kwenye kila kaunta buku, kwa kalamu nyekundu.

Na kikao cha mwaka kipangwe hivi: mweka hazina asome kwanza. Asome kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, na majina ya wanaodaiwa ada, akianza na viongozi. Maswali yaulizwe hadi yaishe, hata kama jua linazama na kila mtu anatazama simu yake. Uchaguzi ufuate baada ya hapo, siku hiyohiyo, kabla watu hawajanywa soda.